Jibu Lisilo na Tarehe

Neno baraza lina maana mbili katika lugha yetu, na zote mbili tunazijua tangu utotoni. Ya kwanza ni kile kikalio cha mawe na chokaa kilichojengwa nje ya nyumba, ambapo wanaume hukaa baada ya Alasiri wakanywa kahawa, wakacheza bao na kupeana habari za mji. Ya pili ni chombo kinachotunga sheria za Visiwa hivi, Baraza la Wawakilishi, ambalo hukutana Chukwani, kusini ya mji wa Zanzibar. Katika baraza la mawe mtu akikuuliza jambo huna pa kukimbilia. Mmekaa bega kwa bega, watu wanasikiliza, na kesho atakuwepo pale pale akikungoja na swali lake. Katika Baraza la pili muulizaji na mjibuji wametenganishwa na viti, vipaza sauti na kanuni, na baada ya jibu kila mmoja hushika njia yake. Makala haya ni juu ya umbali huo, na juu ya bibi mmoja wa shamba aliyenifundisha namna ya kuupunguza.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na tangu ujana wangu nimekuwa mpenzi wa mashairi. Wenzangu wengi, redio inapofika kwenye maswali na majibu ya Baraza, huitafutia taarabu. Mimi huongeza sauti. Husikiliza kama ninavyosikiliza washairi wawili wanaojibizana, kwani maswali yale nayo yana bahari yake na arudhi yake. Muulizaji huanza kwa "Kwa kuwa", akaeleza hali ilivyo. Akarudia "na kwa kuwa", akaongeza hoja ya pili. Kisha ndipo huja ile "Je" yenye kubeba mzigo wote. Waziri naye ana kiingilio chake: "Mheshimiwa Spika, kwa ruhusa yako naomba kumjibu Mheshimiwa Mwakilishi swali lake lenye vifungu (a), (b) na (c) kama ifuatavyo." Aliyezoea kusikiliza huweza kutabiri mwisho wa sentensi kabla haijafika, kama mtu anavyokitabiri kina.

Lakini ushairi wetu una sharti ambalo Baraza halina. Anayejibu hufuata vina vya aliyemuuliza. Mtu akikuletea shairi lenye vina vya ni na wa, nawe ukamjibu kwa vina vyengine, wasikilizaji watajua kuwa umeshindwa au umekwepa. Ndivyo walivyojibizana washairi wa Mvita wa zama za Muyaka, na ndivyo walivyojibizana Kamange na Sarahani kwetu Pemba. Waziri hana sharti hilo. Akiulizwa "lini" anaweza kujibu "vipi". Akiulizwa "kiasi gani" anaweza kujibu "kwa nini". Na jibu likasikika zuri, refu, lililojaa heshima, na likapigiwa makofi.

Nieleze kidogo namna swali linavyosafiri, maana wengi wetu hulisikia likiwa limeshafika. Mwakilishi huliandika na kulipeleka kwa Katibu wa Baraza. Likikubalika huingizwa katika shughuli za siku na kupelekwa katika wizara inayohusika. Huko halijibiwi na waziri, bali na watumishi wake: hutafuta faili, huuliza mikoani, huandika rasimu, na rasimu hupanda ngazi hadi ikafika juu ikiwa imeshalainishwa kila palipokuwa na ncha. Siku ikifika waziri husimama akasoma. Hilo ndilo swali la msingi, na kila upande umelijua mapema. Kisha huja swali la nyongeza, ambalo huulizwa kwa mdomo, papo kwa papo, wala halikupita mezani kwa mtu. Hapo ndipo penye mchezo. Swali la msingi hujibiwa na wizara. Swali la nyongeza hujibiwa na waziri mwenyewe.

Haki hii ya kuuliza haikuja jana. Lilipoanzishwa Baraza la Kutunga Sheria la wakati wa ukoloni, 1926, wajumbe wake wote walikuwa wa kuteuliwa. Uchaguzi wa mwanzo ulifanyika Julai 1957. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 mamlaka ya kutunga sheria yalikuwa mikononi mwa Baraza la Mapinduzi hadi lilipoanza Baraza la Wawakilishi, Januari 1980. Kwa Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 63 ya Katiba ya 1977 inalipa Bunge uwezo wa kumuuliza waziri yeyote swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Katiba ya Zanzibar ya 1984 imelipa Baraza uwezo wa namna hiyo kwa mawaziri wa Serikali ya Mapinduzi. Basi mwananchi wa Wete au Makunduchi anayetaka kujua habari za mfereji wake, skuli ya mwanawe au barabara ya kijiji chake, swali lake si la Dodoma. Hayo si mambo ya Muungano; ni ya Chukwani.

Sasa nije kwenye kisa changu, na ndani yake nikiri kosa langu.

Yapata miaka ishirini iliyopita, katika kijiji chetu upande wa kaskazini ya Pemba, maji ya mfereji yalikatika. Kisima kilikuwepo, kimechimbwa kwa mashine. Tangi lilikuwepo, limepakwa chokaa nyeupe. Mabomba yalikuwepo chini ya ardhi. Kilichokosekana ni pampu. Walikuja mafundi na gari, wakaing'oa, wakasema inakwenda kutengenezwa, wakaondoka nayo. Wanawake wakarudi kwenye kisima cha kale, mwendo wa dakika arubaini kwenda na zaidi ya hapo kurudi, kwani kurudi ni mlima na ndoo imejaa. Watoto wa kike wakaanza kuchelewa skuli. Nilikuwa nikisomesha darasa la sita wakati huo, nikawa naona madawati ya upande wao yalivyo wazi mpaka saa tatu za asubuhi, na wanapoingia wanakaa kimya, nywele zimelowa chini ya mitandio.

Mwakilishi wetu alipokuja kijijini, wazee walimlalamikia. Alikuwa mtu mwema, mwenye kusikiliza. Akanigeukia mimi akasema, "Mwalimu, wewe ndiye mwenye kalamu. Niandikie swali, nami nitalifikisha."

Nikaliandika usiku ule kwa taa ya chemni. Nikaandika kwa fahari, kama mtu aliyealikwa kutunga wimbo wa harusi. Swali la msingi likawa lile linaloulizwa na kila mtu: Je, Serikali ina mpango gani wa kuwapatia wananchi wa kijiji hicho maji safi na salama? Kisha, kwa ajili ya swali la nyongeza, nikamtungia beti, aisome kwanza ili nyoyo zilainike:

Twauliza kwa adabu, bombani maji hayaji,
Tumechoka na taabu, ya visima vya kijiji,
Tunangojea jawabu, litakalokuwa taji,
Waziri tupe sababu, kukauka mfereji.

Mizani zilitimia na vina vilikaa sawa. Lakini mwenye kuijua sanaa hii atauona upesi ule msumari uliochomoza. Neno taji halikuwa na kazi pale. Watu wenye kiu hawangojei jibu lililo taji; wanangoja maji. Taji niliitia kwa sababu nilikuwa natafuta ji.

Siku ya swali tulikusanyika tukaizunguka redio. Waziri wa wakati huo akasoma jibu la msingi: Serikali inalitambua tatizo la maji katika kijiji hicho, tatizo hilo limetokana na kuharibika kwa pampu, Serikali imo katika mchakato wa kulipatia ufumbuzi wa kudumu, na kazi hiyo itafanyika fedha zitakapopatikana. Mwakilishi wetu akasimama na nyongeza yake, akasoma beti. Baraza likalipuka kwa makofi. Na waziri, ambaye kumbe naye alikuwa mwana wa chuo na mwenye ulimi, akajibu kwa beti ya papo kwa papo, tena kwa vina vile vile vya bu na ji, akatuhimiza tuwe na subira. Makofi yakazidi. Tuliokuwa tumeizunguka redio nasi tukapiga makofi. Nakumbuka mzee mmoja alinishika mkono akasema, "Umetutoa, Mwalimu."

Jioni wanawake wakashika ndoo wakaenda kisimani.

Nilikuwa na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka yetu. Hakusoma skuli, kwa hivyo katika hesabu za serikali alikuwa mmoja wa wale wasiojua kusoma na kuandika. Lakini alisoma chuoni akahitimu, na kama walivyo wanawake wengi wa rika lake, alikuwa akisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hesabu za mikarafuu yake, nani kachuma pishi ngapi na nani anadaiwa, zote alizitia katika daftari lake kutoka kulia kwenda kushoto. Siku ile ya redio yeye hakuwepo. Alikuwa njiani na ndoo.

Baada ya wiki chache Mwakilishi aliniletea karatasi iliyopigwa chapa, yenye swali na majibu kama yalivyotamkwa. Nikaenda nayo kwa shangazi ili nimfurahishe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wameleta pampu?"

"Bado. Lakini nimekuletea majibu."

Nikamsomea. Alisikiliza huku akipepeta mchele, kisha akasema, "Niandikie kwa khati yangu nilisome mwenyewe." Nikakaa chini nikayanakili maneno ya waziri kwa herufi za Kiarabu, neno kwa neno, pamoja na beti yangu na ya waziri. Akaivaa miwani yake, akaanza kusoma kwa kidole, taratibu, midomo ikicheza. Alisoma mara mbili. Nikangoja asifu beti.

"Kuharibika," akasema hatimaye, kidole kikiwa juu ya neno hilo. "Pampu haikuharibika hapa. Iling'olewa. Walikuja watu wenye majina wakaing'oa mchana, na sisi tukawapa madafu."

Kidole kikateremka. "Zitakapopatikana. Zitapatikana na nani?"

Nikaanza kumweleza habari za bajeti, akanikatiza. "Mwanangu, hapa naona subira, naona mpango, naona adabu. Lini iko wapi? Mtu akija kunikopa pishi ya mchele, akaniambia atanilipa atakapopata, mimi sijamkopesha. Nimempa sadaka. Na sadaka haidaiwi."

Nilikuwa nimesomesha sarufi kwa miaka kumi na saba. Nilikuwa nikiwaandikia watoto ubaoni: kauli ya kutenda, kauli ya kutendwa, kauli ya kutendeka, vunja, vunjwa, vunjika. Na wala haikunipitikia kuwa kauli ya kutendeka ndiyo kauli pendwa ya kila ofisi. Ukisema mtu kavunja, umemtaja mvunjaji. Ukisema kimevunjwa, mvunjaji yupo japo hukumtaja. Ukisema kimevunjika, basi hakuna mtu. Chombo kimejivunjia chenyewe. Pampu imeharibika, fedha hazijapatikana, kazi haikuwezekana, muda umeongezeka. Katika sentensi hizo zote hamna kiumbe hata mmoja. Lugha yetu ni tajiri, na kila tajiri ana mlango wa nyuma. Huo ndio wake.

Aidha niliona kosa la swali lenyewe. Nilikuwa nimeuliza "ina mpango gani", na waziri hakunionea, alinipa nilichomuomba. Niliomba mpango nikapewa mpango. Anayeuliza mpango asishangae akakosa maji.

Tukakaa, mimi na shangazi na sheha, tukaandika swali jengine. Shangazi aliketi na sisi mpaka mwisho, kila nilipotia neno la kupendeza akauliza lina kazi gani. Sheha akazihesabu nyumba zilizokuwa zikitumia kisima kile: 96. Mimi nikaenda kwenye daftari langu la mahudhurio nikazihesabu siku walizochelewa watoto wa kike wa darasa moja katika muhula mmoja. Mwishowe swali likawa hivi: Kwa kuwa pampu ya kisima cha kijiji hicho ilichukuliwa na mafundi kwa matengenezo mwezi wa Agosti, na kwa kuwa hadi leo haijarejeshwa, (a) Je, pampu hiyo hivi sasa iko wapi? (b) Ni kitu gani kinachokosekana ili ifanye kazi, na kinagharimu kiasi gani? (c) Itarejeshwa tarehe ngapi, na ni nani mwenye dhamana ya kuirejesha? Beti hakuna.

Lilipoulizwa katika mkutano uliofuata halikupigiwa makofi. Waziri alisoma kwamba pampu imo karakana Unguja, kwamba kilichokosekana ni kifaa kimoja cha mota, kwamba kimeshaagizwa, na kwamba pampu itarejeshwa kabla ya mwisho wa Machi. Lilikuwa jibu kavu, nami nikiri kuwa sikuwahi kusikia jibu zuri zaidi. Nikalinakili kwa khati ya Kiarabu. Shangazi akalitia katika daftari lake la mikarafuu, ukurasa wa wadaiwa.

Machi ikapita. Aprili masika yakaingia, mapipa yakajaa kwa maji ya paa, na kijiji kizima kikasahau kuwa kinadai. Hapa nasema la haki: si mawaziri peke yao wanaotegemea usahaulifu. Sisi wenyewe huusaidia. Mvua ikinyesha tunasamehe kiangazi kilichopita na kijacho. Aliyekumbuka ni mtu mmoja, kwa kuwa alikuwa na maandishi. Akanituma kwa Mwakilishi na karatasi. Mwakilishi akayarejesha maneno ya waziri Barazani kama yalivyo, bila ya kuongeza lake, akauliza tu kama Machi iliyotajwa ilikuwa ya mwaka ule. Mwezi wa Juni pampu ikarudi.

Sitaki kukitia kisa chumvi. Maji yalirudi siku moja baada ya moja, kwa saa mbili, na mara kwa mara hukatika hadi leo. Wala sidai kuwa ni swali peke yake lililoileta pampu. Pengine kifaa kilifika tu. Swali la Barazani halina nguvu ya kutoa hata shilingi moja. Fedha hutoka katika bajeti, na mwaka wa fedha una foleni ndefu ya vijiji, kila kimoja na pampu yake. Mawaziri niliowasikia kwa miaka yote hii, wengi wao hawakuwa waongo. Walikuwa watu wenye kapu dogo na mikono mingi iliyonyooshwa. Lakini mwenye kapu dogo huangalia kwanza mkono wa anayejua anachodai.

Baada ya kisa kile yalitokea mambo makubwa yaliyonifanya nizidi kulifikiri somo la shangazi. Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima cha Unguja kwa karibu mwezi mmoja. Disemba 2009 ulikatika tena, na safari hii haukurudi hadi Machi 2010. Mji ukalala kizani kwa miezi mitatu, maji yakakosekana kwa kuwa mashine za maji nazo hula umeme, na moshi wa jenereta ukatanda Mji Mkongwe. Unguja ilikuwa ikitegemea waya mmoja wa chini ya bahari kutoka Bara, uliotandikwa 1980. Maswali mengi yaliulizwa katika kiza hicho. Lakini swali lililokuwa na faida kubwa kuliko yote lilikuwa dogo mno, na wakati wake ulikuwa taa zingali zinawaka: waya huu una umri gani, na ukikatika leo tuna nini? Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kazi 2013. Pemba yetu, iliyokuwa ikiendeshwa kwa majenereta ya dizeli, iliunganishwa na Tanga 2010.

Kisha ikaja ile ambayo mkono wangu ni mzito kuiandika. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Chombo kilichoruhusiwa kuchukua watu wasiofika 700 kilikuwa kimebeba umma, na tume iliyoundwa baadaye iliwahesabu waliokufa na waliopotea kuwa zaidi ya 1,500. Julai 2012 ikazama Skagit, ikitoka Dar es Salaam, na waziri aliyekuwa na dhamana ya mawasiliano na miundombinu akajiuzulu. Hapana nyumba Pemba isiyokuwa na mtu wake katika maji yale. Na kila aliyewahi kusimama gatini Malindi usiku wa Ijumaa alilijua swali: chombo hiki kimeandikiwa watu wangapi, leo kimepakia wangapi, na nani anayewahesabu? Ni maswali matatu mafupi, hayana vina wala mizani, na majibu yake yote matatu ni namba na jina.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kuwa maswali ya Barazani ni maneno matupu, kila mtu akijionesha kwa wapiga kura wake. Kweli, yapo ya kujionesha, na siku hizi yamezidi, kwa kuwa vipande vya vikao huzunguka kwenye simu, na kipande kinachopendwa ni kile cha kelele na kicheko. Nami siwezi kumlaumu anayetafuta makofi, kwani niliyatafuta kabla yake. Lakini swali lililoulizwa vizuri linafanya jambo ambalo hotuba haiwezi. Linakitia kijiji katika kumbukumbu rasmi za nchi kwa jina lake, pamoja na pampu yake na mwezi wake. Linamlazimisha mtumishi mmoja, mahali fulani, alifungue faili ambalo lilikuwa limelala. Na jibu likitoka na tarehe, linageuka deni, maana ahadi ni deni, na deni hurithiwa: waziri akiondoka akaja mwengine, daftari linabaki.

Shangazi alifariki miaka miwili baada ya pampu kurudi. Tulipofungua sanduku lake tulizikuta karatasi zake za mikarafuu zimefungwa kwa uzi, na daftari. Katika ukurasa wa wadaiwa, majina mengi yalikuwa yamepigwa mstari. Mstari wa waziri haukupigwa. Pembeni yake, kwa wino mwengine, aliandika: limelipwa nusu.

Siku hizi vijana wa pale kijijini huniletea maswali yao niyatengeneze kabla hayajapelekwa kwa Mwakilishi: ya barabara inayokatika kila masika, ya kituo cha afya kisicho na mkunga usiku. Huja na maneno mazuri, kwani wamesoma kuliko sisi. Mimi huchukua penseli nikayakata. Huwaambia, pendeni mashairi, mimi nayapenda; lakini waziri mpeni swali ambalo hawezi kulijibu bila ya kutaja siku. Wao hunuka kidogo, kisha huandika upya.

Na asubuhi, redio inapofika kwenye maswali na majibu, bado huongeza sauti. Nina daftari langu nililolipiga mistari minne: lini, wapi, nani, kiasi gani. Siku nyingi mstari wa lini hubaki mtupu mpaka kikao kikaahirishwa. Siku ikitajwa tarehe, huiandika kwa khati ya Kiarabu, kutoka kulia, kama alivyokuwa akiandika yeye.